Gobore la shabaha: kaliba 0.45 au 0.50?

Wakuu, nataka gobore la kulengea shabaha tu, mita 50, mara chache 100. Risasi ya duara, iliyozungushiwa kitambaa. Nichukue kaliba gani (upana wa tundu la mtutu, kwa inchi), na mtutu upi?

— 0.45. Risasi yake ina gramu 8 hivi, ya 0.50 inapita 11. Risasi na baruti utatumia kidogo.

— Mita 100 penye upepo, 0.50 inatulia zaidi.

— Mnasahau michirizi, ile mifereji ya ndani ya mtutu inayozungusha risasi! Risasi ya duara inataka mzunguko wa polepole, mmoja kwa inchi 60 hivi. Mtutu wangu wa kwanza ulikuwa wa mzunguko mmoja kwa inchi 28, wa risasi ndefu. Nikizidisha baruti kidogo, risasi zinatawanyika, vitambaa naviokota vimechanika.

— Aisee. Basi 0.45, michirizi ya polepole.