Mjadala: Roboti ya upasuaji kwa saratani za wanawake, Pwani tuitake au tuiache?

Mwana Mkomani (Lamu): Assalaam alaikum. Barazani juzi kulizuka hoja kwamba kaunti za Pwani zichange zinunue roboti ya upasuaji, mama zetu wenye saratani za uzazi wasilazimike kwenda India. Mie nikapinga, nikaambiwa nimezoea dhiki. Basi naileta hapa. Saratani ya mlango wa kizazi huwapata zaidi ya wanawake 5,000 kwa mwaka nchini Kenya, na zaidi ya 3,000 hufa. Wengi hufika hospitali ugonjwa umeshasambaa, na hapo kisu hakina kazi tena, kishikwe na mkono au na roboti. Dawa ni mionzi na kemo. Mtu wa Faza apande boti hadi Mokowe, kisha basi hadi Mombasa, apange chumba akae huko, kwa sababu mionzi hupigwa siku tano kwa wiki, wiki tano au zaidi. Roboti itamwondolea lipi katika hayo?

Baharia wa Maweni (Malindi): Nakupinga, ndugu yangu. Kila kikija kizuri mwasema tuanze na panadol. Shangazi yangu alipasuliwa India kwa roboti, saratani ya nyumba ya uzazi. Matundu madogo tu, akaondoka kitandani upesi. Ana sukari na ni mnene, angepasuliwa tumbo zima kidonda kingemsumbua. Kwani wa Malindi hastahili?

Nesi Mstaafu: Wanangu, mwachanganya magonjwa mawili. Kwa nyumba ya uzazi, Baharia hakukosea: tafiti kubwa zilionyesha kuwa upasuaji wa matundu haupunguzi maisha ya mgonjwa, na kidonda hupona haraka. Mlango wa kizazi ni habari nyingine. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa wanawake 631 waliokuwa na saratani hiyo ikiwa bado changa. Kundi moja lilipasuliwa tumbo wazi, jingine kwa matundu. Baada ya miaka minne na nusu, waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi ni asilimia 96.5 kwa tumbo wazi na 86 kwa matundu. Mwaka uliofuata, mwezi wa Februari, FDA, mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa vya tiba, ikatahadharisha kwamba usalama wa roboti katika kukata matiti yenye saratani na kutibu saratani ya mlango wa kizazi haujathibitishwa.

Baharia wa Maweni: Bi Nesi, kwa heshima yako, hao wa matundu wote walifanyiwa na roboti?

Nesi Mstaafu: La, wengi ilikuwa kamera ya kawaida na vyuma virefu, wa roboti walikuwa wachache. Umeuliza penyewe. Ndiyo maana kukaanzishwa jaribio jingine, linaloongozwa kutoka Sweden, la kupima roboti peke yake. Lakini wewe nawe sikiliza: matundu yale yale ya shangazi yako hupatikana kwa kamera bila roboti. Chombo hicho ni rahisi mno kikilinganishwa na unachokitaka.

Binti Langoni: Samahani, roboti hupasua yenyewe? Kama ndivyo, wengine tungefarijika, maana daktari mwanamume...

Nesi Mstaafu: Haipasui yenyewe, mwanangu. Daktari hukaa kwenye kiti hatua chache kutoka kitandani, aangalia ndani ya kioo, na mikono ya mashine hufuata yake. Mwingine husimama kando ya mgonjwa. Na wa nusukaputi lazima awepo. Ukitaka daktari mwanamke, somesha mwanamke.

Binti Langoni: Basi daktari akae Nairobi, mgonjwa Lamu!

Fundi Stima (Shela): Imewahi kufanyika, 2001. Daktari alikuwa New York, mgonjwa Strasbourg, Ufaransa, akatolewa nyongo. Lakini walikuwa na laini yao maalumu, na madaktari wengine walisimama pale pale tayari. Sisi stima ikikatika twatafutana kwa tochi. Na bei je? Roboti ya da Vinci, zile kubwa, hufika dola milioni 2, matengenezo hulipiwa kila mwaka, na vile vyuma vya mikononi vina idadi ya matumizi. Ikiisha, mashine yenyewe hukikataa chuma hata kama bado kikali. Biashara hiyo, wallahi, mwenye kuibuni alikuwa macho.

Mama Gede: Mie nilipimwa mlango wa kizazi kwa kupakwa siki, dakika chache tu. Kipande cha nyama kilipopelekwa maabara, majibu nikayangoja hadi nikachoka kuuliza. Mwana Mkomani, hapo barazani palikuwa na mwanamke hata mmoja?

Mwana Mkomani: Hapakuwa, dada.

Mama Gede: Ndipo mkaruka moja kwa moja kwenye roboti. Tungeulizwa, tungesema maabara, na chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana wa miaka kumi. Ilianza 2019 na mpaka leo kuna wanaowaficha mabinti.

Baharia wa Maweni: Haya, kamera nakubali, maabara nakubali. Roboti siifuti, naiweka nyuma. Ila dada yangu ana miadi wiki ijayo, aulize nini?

Nesi Mstaafu: Aulize kwanza saratani iko wapi na imefika hatua gani. Ikiwa ni nyumba ya uzazi, aulize kama yawezekana kwa kamera. Ikiwa ni mlango na daktari ataka matundu, aulize kwa nini si tumbo wazi, na asiondoke bila jibu.