Datsun 240Z ya 1972, niko Arusha: nibaki na kabureta, nifunge EFI au nibadilishe injini kabisa?

Mlima_Meru

Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, hasa mliowahi kushika injini za Nissan za zamani, zile za herufi L.

Nina Datsun 240Z ya mwaka 1972. Injini ni L24 ile ile iliyotoka nayo kiwandani, silinda sita, kabureta mbili za Hitachi. Ilikuwa ya baba mdogo, aliinunua akifanya kazi Tanga, na alipoona nimeziba kutu ya sakafuni na ile iliyokula chini ya betri akanikabidhi kadi. Bodi sasa iko safi. Kinachoniumiza kichwa ni injini. Asubuhi nikiwasha hapa Njiro inatoa moshi mweusi, inanuka petroli mbichi, na nikiikanyaga inakohoa kwanza ndipo ivute. Lakini nikiipeleka Tanga inakuwa gari nyingine kabisa, inaitika mguu bila kusita. Wakati wa kurudi, tukishapita uwanja wa ndege wa KIA na kuanza kupanda kuelekea Usa River, ugonjwa unaanza upya.

Nimewauliza mafundi hapa mjini na kila mmoja ana lake. Yupo aliyesema niitupe L24 niweke 1JZ, injini ya Toyota Mark II. Mwingine kasema nifunge EFI, ule mfumo wa kompyuta wa kunyunyizia petroli, matatizo yote yataisha. Bajeti yangu ni milioni 12 kwa mwaka mzima. Siendi mbioni, nataka gari ya kushuka nayo Moshi wikiendi na kwenda Tanga na mke wangu mara moja moja, ila nataka pia niisikie inavuta. Naipenda sana hii gari, sitaki ifunguliwe halafu ibaki juu ya mawe gereji miaka miwili.

Nianzie wapi?

Chalii_wa_Sakina

Mwanangu hongera, hiyo gari ni adimu. Mimi nasema 1JZ-GE. Cc 2491, spea zimejaa kila duka, na fundi yeyote kuanzia Unga Limited mpaka Kwa Mrombo anaijua. L24 ukipasua gasketi ya hedi unaagiza na kusubiri. JZ ukipasua asubuhi jioni uko barabarani.

Mama_Gereji

Mdogo wangu Mlima_Meru, pole na hongera. Niko Moshi, gereji ya mume wangu na mimi, na hizi L zimepita mikononi mwetu.

Kabla hujatoa hata shilingi, soma ulichoandika mwenyewe. Tanga inakwenda, Arusha inakohoa. Gari ni ile ile, kilichobadilika ni hewa. Arusha mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na pale hewa ni nyepesi kiasi kwamba injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 13 hadi 15 ya nguvu yake. Kabureta haijui kama umepanda. Inaendelea kumwaga petroli karibu kile kile cha Tanga, hewa imepungua, mchanganyiko unakuwa mzito. Huo ndio moshi wako mweusi. Inaonekana kabureta zilisetiwa pwani zamani za baba mdogo na hakuna aliyezigusa tena.

Fanya hivi injini ikiwa ya moto. Juu ya kila kabureta kuna kifuniko kidogo cha kufungua kwa mkono, kina kijiti kirefu. Kitoe uone kama kuna oili. Ikiwa kavu, ile pistoni ya ndani inaruka juu haraka mno ukikanyaga na gari lazima ikohoe. Weka oili nyepesi, namba 20. Kisha nenda chini ya kabureta, kuna nati ya kuzungusha kwa vidole. Ipandishe mpaka mwisho, halafu ishushe mizunguko miwili na nusu. Hapo ndipo pa kuanzia kwa usawa wa bahari. Kwa Arusha rudisha juu nusu mzunguko, mpaka mzunguko mmoja. Zote mbili ziwe sawasawa.

Kupima kama umepatia, gari ikiwa sailensi, yaani inaunguruma bila kukanyagwa, inyanyue ile pistoni ya kabureta kidogo sana, kama milimita moja. Injini ikipandisha mzunguko na kubaki juu, petroli bado ni nyingi. Ikitaka kuzima, umebana mno. Ikipanda kidogo halafu ikatulia, acha hapo hapo.

Baada ya hapo pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda zote sita, utuletee namba. Hakuna ushauri wa maana wa injini bila namba hizo.

Chalii_wa_Sakina

Mama nakuheshimu, ila hata akiseti kabureta bado injini ina miaka zaidi ya 50. Kwa nini amwage hela kwenye kitu cha zamani?

Mama_Gereji

Kwa sababu kuweka JZ si kuweka injini tu. Mark II nyingi zilizoingia hapa ni otomatiki, kwa hiyo gia boksi ya mkono ya kuingia kwenye JZ utaitafuta kwa tochi na utainunua kwa bei ya kuumiza. Hapo bado hujachonga mikono ya kubebea injini, hujafupisha propela shafti, hujabadilisha rejeta na hujapanga upya waya. Na difu ya nyuma ya hiyo 240Z, ile R180, ilikusudiwa nguvu za L24. Milioni 12 zitaisha gari ikiwa bado juu ya mawe, na hicho ndicho alichosema hakitaki.

Mzee_wa_Safari

Vijana, nimeusoma uzi huu nikafurahi. Nilikuwa mtoto wa shule magari haya yalipopita. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki kwa 240Z, na 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakaichukua tena kwa 240Z nyingine, nyekundu yenye boneti nyeusi. Mbio za enzi hizo zilipita Kenya, Uganda na Tanzania, kwenye tope na vumbi ambalo ninyi wa lami hamlijui. Injini ya L ndiyo iliyobeba jina lile. Mwanangu, ukiitoa umebaki na bodi nzuri yenye roho ya Mark II. Itengeneze.

Mlima_Meru

Shikamoo mzee, asante sana. Mama_Gereji, nitafanya ulivyosema na kurudi na namba.

Waya_Mwekundu

Mimi ni fundi umeme wa magari, nafunga EFI kwenye magari ya zamani. Nikiri mapema kwamba napenda EFI, lakini mtu akikuambia itakuongezea nguvu nyingi kwa kuifunga tu, anakupotosha. EFI haiongezi ukubwa wa injini. Kazi yake ni kutoa kipimo sahihi cha petroli kila mahali, Tanga na Karatu, asubuhi ya baridi na saa nane mchana, kwa sababu kuna sensa inayosoma mgandamizo wa hewa. Kwa mtu anayepanda na kushuka kama wewe ni faida kubwa mno. Lakini kama valvu imechomeka au ringi zimekwisha, EFI itapeleka petroli sahihi kwenye injini mbovu.

Ukifika huko, ujue kazi ilipo. Kabureta inataka mgandamizo mdogo wa petroli, psi tatu au nne. EFI inataka kama psi 43. Kwa hiyo pampu mpya, mipira yote ya petroli iwe ile ya mgandamizo mkubwa, na klipu zake. Usimruhusu mtu akufungie mpira wa kawaida na waya wa kufungia, gari itaungua na wewe ndani. Bomba la kurudisha petroli kwenye 240Z ni jembamba, inabidi lipanuliwe. Tangi lenyewe halina vizuizi vya ndani vya kutosha, ukikata kona robo tangi pampu inavuta hewa, kwa hiyo weka kitangi kidogo cha akiba kati ya tangi na pampu ya mgandamizo. Na tangi la miaka 50 lina kutu. Lishushwe lioshwe kabla ya chochote, vinginevyo nozeli za kunyunyizia petroli zitaziba wiki ya kwanza.

Kwa nozeli usidanganywe na ukubwa. Injini ya nguvu za farasi 170 yenye nozeli sita, kila nozeli ikifanya kazi asilimia 80 ya muda wake, inahitaji kama cc 190 kwa dakika kwa kila moja. Nunua za cc 240 unabaki na nafasi. Zile za cc 440 za turbo zitakusumbua sailensi.

Kontroli boksi iwe ya kuprogramu, MegaSquirt au Speeduino zinatosha kabisa kwa injini hii. Mbele kwenye puli ya krenki inafungwa gurudumu la meno 36 lililotolewa jino moja, sensa inalisoma hapo, na unaachana na platini za kuwashia cheche moja kwa moja. Alteneta pia ibadilishwe, ya zamani haitabeba pampu, nozeli na feni kwa pamoja.

Kitu kimoja watu wengi hawakiangalii: hedi za L24 za kabureta hazina ule mkato wa kupisha mnyunyizo wa nozeli kwenye njia ya hewa. Manifodi ya EFI ya 280Z inaingia kwenye bolti, lakini petroli inapiga ukuta wa hedi. Ama fundi wa kuchonga aufungue kwa uangalifu, ama upate hedi ya L28 ya EFI.

Mlima_Meru

Nimerudi wakuu. Oili kwenye kabureta ya nyuma ilikuwa hakuna kabisa. Nimeweka, nimeseti nati, moshi mweusi umeondoka na kukohoa kumepungua sana. Mama, Mungu akubariki.

Kompresheni, injini ya moto, plagi zote nje, mguu mpaka chini, kwa psi: 142, 145, 140, 143, 112, 138. Silinda ya tano ndiyo imeniogopesha. Na hizo nyingine si ndogo? Nimesoma kwamba L24 inatakiwa iwe 170 na zaidi.

Mama_Gereji

Hizo nyingine ni nzuri. Namba ya kitabu ni ya usawa wa bahari. Toa asilimia 15 ya Arusha kwenye 170 unapata kama 145. Ndiyo maana tunaangalia silinda moja dhidi ya nyingine kuliko namba yenyewe. Ya chini isipungue asilimia 80 ya ya juu, na yako ya tano imefika 77. Tia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi ya tano upime tena. Ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu.

Mlima_Meru

Haikupanda. 114.

Mama_Gereji

Basi ni valvu, na usikimbilie kushusha hedi. Seti tapeti kwanza, yaani zile nafasi ndogo juu ya valvu, injini ya moto, valvu za kuingizia hewa milimita 0.25, za kutolea moshi 0.30. Za kutolea moshi kwenye L zikikaa miaka bila kuguswa zinajibana zenyewe, valvu haifungi vizuri na kompresheni inatoroka. Angalia hiyo ya tano kwa fila, vile vibapa vya kupimia nafasi, kabla hujaigusa, utuambie.

Mlima_Meru

Fila nyembamba kuliko zote haikupita. Nimeseti zote kumi na mbili, nimeendesha mpaka Tengeru na kurudi, nimepima: ya tano imefika 131. Gari imetulia sailensi, ile mitetemo ya usukani nikiwa taa nyekundu imeisha.

Waya_Mwekundu

131 kwa 145 ni asilimia 90. Umeokoa hedi kwa bei ya gasketi ya kava. Iendeshe, ipime tena baada ya miezi michache, ikishuka ndipo valvu ichongwe.

Chalii_wa_Sakina

Sawa, hapo nimekubali. Lakini jamaa alisema anataka aisikie inavuta. Hiyo bado.

Mama_Gereji

Umesema kweli, na jibu lake ni L28. L24 ni cc 2393, L28 ni cc 2753. Hiyo ni asilimia 15 zaidi, yaani karibu kile kile ambacho Arusha inamnyang'anya. Akiwa Njiro atakuwa na nguvu ambayo leo anaipata Tanga, na akishuka Tanga ataipata zaidi. Inakaa kwenye mikono ile ile ya injini, gia boksi ile ile, na ukitazama nje hakuna atakayejua. Na L28 hapa kwetu haziko mbali, Nissan Patrol 160 za petroli zilikuwa nazo, na mizoga yake bado ipo kwenye yadi na mashambani. Sampu ya Patrol haitaingia, utatumia ya L24 yako.

Kwa hiyo mwaka huu endesha, nunua bloku ukiipata, ijenge taratibu pembeni huku gari inatembea. Waya_Mwekundu afunge EFI kwenye L28 hiyo ikiwa juu ya stendi, si ndani ya gari. Injini ikishakuwa tayari kubadilisha ni kazi ya siku chache. L24 yako ipake oili uihifadhi, usiiuze.

Tochi_ya_Boma

Ukibadilisha injini usisahau namba yake iko kwenye kadi ya gari. Nenda TRA ubadilishe taarifa na uwaambie watu wa bima. Ukipata ajali injini na kadi haviendani, utahangaika. Na uombe barua ya mauziano kwa huyo wa Patrol.

Mlima_Meru

Nimeelewa wakuu wote. Nimepata fununu ya Patrol iliyokufa maeneo ya Boma Ng'ombe, mwenyewe anauza injini pekee. Haijawashwa muda mrefu. Mama, Jumamosi ukiwa na nafasi nipitie nikuchukue tukaione?

Mama_Gereji

Nipo. Usitoe hata kishika uchumba kabla hatujaishusha hedi pale pale. Soma kwanza herufi na namba zilizochorwa ubavuni mwa bloku, ziwe L28. Kipenyo cha silinda kiwandani ni milimita 86, nitabeba kipimo. Ikiwa imetanuka kidogo tutachonga na kuweka pistoni kubwa zaidi, bei ishuke kwa kiasi hicho. Ikiwa kuna ufa kati ya silinda, tunamshukuru mzee wa watu tunaondoka. Njoo na 240Z, nataka niisikie.