Kazini navaa suruali, kanisani nimeambiwa siendi mbinguni. Nifanyeje?

Dada_wa_Sheli (mleta mada)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba ushauri, na naomba tusitaje majina ya makanisa, sitaki vita humu.

Nimekulia Kilutheri, nikaokoka nikiwa chuoni. Sasa nasali kanisa la kiroho hapa mjini, naimba kwaya. Nimepata kazi sheli, najaza mafuta. Yunifomu ni suruali na fulana. Muumini mmoja alikuja na bodaboda kuweka mafuta, akaniona, habari ikafika kwa wazee. Nimesimamishwa kwaya na Meza ya Bwana mpaka "nitengeneze". Nimesomewa Kumbukumbu la Torati 22:5, kwamba mwanamke asivae mavazi ya kiume, nikaambiwa nikifa na hiyo suruali nimepotea.

Swali langu si la suruali tu. Kila Jumapili tunahubiriwa Waefeso 2:8, kwamba tumeokolewa kwa neema. Mbona basi nikishaingia naanza kudaiwa? Au ndiyo natafuta pa kujificha? Maana kuna mwenzangu kazini anaishi na mume wa mtu, anasema neema imeshafunika yote, na hilo nalo haliniingii. Nikiacha kazi mdogo wangu anakosa ada. Nisaidieni.

Askari_wa_Msalaba

Dada, njia ni nyembamba. Imani pasipo matendo imekufa, Yakobo 2:26. Leo suruali, kesho hereni, keshokutwa bia. Acha kazi, Mungu atafungua mlango mwingine.

Mtu_wa_Makambako

Mkuu, ada ya mdogo wake utalipa wewe? Tuanzie hapo.

Mwinjilisti_Mstaafu

Mwanangu, pole. Kaa chini usome Wagalatia yote, ni sura sita tu.

Wale walimu waliowasumbua Wagalatia hawakuwaambia wamwache Yesu. Wangesema hivyo wangefukuzwa siku ile ile. Walisema Yesu ni sawa, ila ongezeni tohara. Wengine wa namna hiyo walifika Antiokia na kusema wazi, Matendo 15:1, kwamba asiyetahiriwa kwa desturi ya Musa hawezi kuokoka. Mitume na wazee wakakaa Yerusalemu kulijadili. Petro akauliza kwa nini wanataka kuwatwika wanafunzi kongwa ambalo hata baba zao walishindwa kulibeba.

Na Petro huyo huyo aliteleza. Pale Antiokia alikuwa akila na watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, walipokuja Wayahudi waliotoka kwa Yakobo akajitenga. Paulo akampinga mbele ya wote. Ona ugomvi ulikuwa juu ya nini: nani anakaa meza moja na nani. Nawe umeondolewa mezani.

Sasa sikiliza hili, ndilo litakalokusaidia. Tito alikuwa Myunani, watu wakataka atahiriwe, Paulo akakataa kabisa (Wagalatia 2:3-5). Timotheo, ambaye mama yake alikuwa Myahudi, Paulo akamtahiri (Matendo 16:3) kwa ajili ya Wayahudi wa pande zile. Mtu yule yule, kisu kile kile. Kwa Tito waliifanya kuwa sharti la kukubaliwa na Mungu, akagoma. Kwa Timotheo ilikuwa ni kuwastahi watu ili Injili ipite, akaona si neno.

Kwa hiyo waulize wazee wako kwa adabu: sketi ni utaratibu wa kanisa letu, au ni sharti la kuingia mbinguni? Kama ni utaratibu, kwaya yoyote ina sare yake, tii. Kama ni sharti, hapo pana shida, na si shida yako.

Tena sura hiyo ya 22 ya Kumbukumbu la Torati inaagiza ukijenga nyumba uweke ukingo darini (mst. 8), usivae sufu na kitani pamoja (11), ujifanyie vishada kwenye pembe nne za vazi lako (12). Sijaona mzee wa kanisa mwenye vishada.

Na huyo mwenzako asome Warumi 6:1-2, kwamba tusidumu katika dhambi ili neema izidi. Tito 2:11-12 inasema neema hiyo hiyo iokoayo ndiyo inayotufundisha kukataa ubaya.

Askari_wa_Msalaba

Waebrania 13:17, watiini wenye kuwaongoza. Mzee unafungua mlango wa uasi.

Mshika_Sabato

Naungana na mwinjilisti, ila tusije tukaitupa sheria yote. Warumi 3:31, imani haibatilishi sheria bali huithibitisha. Mimi sishiki Sabato ili niokoke, naishika kwa kuwa nimeokolewa. Ila suruali ya mwanamke sijaiona kwenye zile Amri Kumi.

Mwinjilisti_Mstaafu

Ndugu yangu, la Sabato tuna Warumi 14:5, kuhusu kuadhimisha siku, tutalifungulia uzi wake. Kwenye hili tuko pamoja.

Binti_wa_Parokia

Niseme kidogo, maana sisi Wakatoliki tunasemwa tunahesabu matendo. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wetu, mwaka 1547 ulikana kwamba mtu anaweza kuhesabiwa haki mbele za Mungu kwa matendo yake bila neema. Na tarehe 31 Oktoba 1999, kule Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja kwamba Mungu anatukubali kwa neema tu, si kwa stahili yetu, na Roho ndiye anayetuwezesha kutenda mema. Wamethodisti nao wakaliunga mkono mwaka 2006. Hatujamaliza tofauti zote, lakini hili si geni kwetu.

Mama_Wawili

Theolojia nawaachia wenyewe. Mdogo wangu, mimi nilifanya kazi sheli. Niliomba kwa meneja, nikaruhusiwa sketi ndefu ya rangi ile ile ya yunifomu. Hukuuliza tu. Na kwa wazee usiende peke yako, tafuta mama mmoja anayeheshimika hapo kanisani mwende wote.

Dada_wa_Sheli

Asanteni sana. Mama Wawili, nimeuliza, meneja amekubali sketi mradi rangi isipishane. Lakini limezuka jingine. Wazee wamesikia, wamefurahi, wanataka Jumapili nisimame mbele ya kanisa nitubu dhambi ya suruali ndipo nirudishwe. Nikisimama si nitakuwa nimekubali kwamba nilikuwa nimepotea?

Mwinjilisti_Mstaafu

Utakuwa umekubali, ndiyo. Sketi vaa, ni ya Timotheo. Toba hiyo usiitoe, ni ya Tito. Waambie hivi: "Wazee wangu, sketi nimeivaa kwa ajili yenu, nisiwakwaze. Wokovu nilishapewa na Kristo kabla ya sketi." Halafu nyamaza, usibishane. Wakikurudisha, kaimbe. Wakikataa, Meza ya Bwana haiko kwenye jengo hilo moja tu, na kule ulikokulia mlango haujafungwa.

Askari_wa_Msalaba

Mimi bado sikubaliani. Lakini nitamwombea.

Mtu_wa_Makambako

Angalau hapo umesema, mkuu.

Mama_Wawili

Dada, fundi akishona hiyo sketi mwambie aweke mifuko mikubwa miwili yenye zipu. Chenji za bodaboda zitakutesa.