Wakuu, ukiacha bia za chupa, pombe gani ya kienyeji unaikubali?

MzeeWaTandika:
Wakuu salama? Mimi ni mtu wa bia za chupa tangu naanza kunywa, ujuzi wangu wote unaishia kwenye baridi au moto. Sasa mwezi uliopita nilienda harusi Moshi, Kibosho huko juu, nikakuta wazee wamekaa kwenye mabenchi migombani, mmoja akachota kwenye kata akaonja kwanza yeye ndo akanipa mimi. Mbege! Naangalia naona chenga za ulezi zinaelea nikasema huu si uji huu? Funda la kwanza nilipiga kwa heshima, la pili kwa udadisi, la tatu sikumbuki sababu. Kuna uchachu, kuna ndizi kwa mbali, halafu mwishoni kunabaki kauchungu fulani kooni. Kurudi Dar nikaelekezwa sehemu wanauza, nikanywa, aisee sio yenyewe kabisa. Sasa nyie wenzangu mnakubali ipi, na unaijuaje nzuri? Gongo msiniletee, naongelea za kuchachusha tu.

mtoto_wa_kibosho:
Mkuu hako kauchungu ni msesewa, gome la mti, linatiwa kidogo, ukizidisha umeharibu pipa zima. Bibi yangu alikuwa anachemsha ndizi mbivu mpaka zinageuka rangi zinakuwa nyekundu nyekundu, anaziacha siku kadhaa zichachuke, huku pembeni ulezi umeoteshwa ukaanikwa ukasagwa, unga wake ndo tunaita mso. Mso unapikwa uji, uji ukipoa unachanganywa na maji ya zile ndizi yaliyochujwa, kesho yake mnaita majirani. Hapo umepata siku moja ya raha, labda mbili, baada ya hapo unakunywa siki. Hiyo ya Dar inawezekana ilipikwa vizuri tu ila umeikuta imeshazeeka. Na ukisikia unga laini mdomoni badala ya chenga, mimi hapo huwa naaga.

Kalenga2:
Mbege naiheshimu ila bado mnahangaika na kuni, njooni Iringa pombe inatoka kwenye mti imeshaiva 😂 Ulanzi! Mvua zikianza mianzi inachipua, mgema anakata kichwa cha chipukizi anafunga mbeta (kikopo cha mwanzi cha kukingia), asubuhi anakuja kukinga na kukwangua tena, jioni hivyo hivyo. Ukiuwahi ni mtamu kama juisi, huo ndo mtogwa, hata watoto wanapewa. Ukilala unakuwa mkangafu, na mkangafu hauna urafiki na mgeni.
Nina ushahidi. Mwaka fulani nilijifanya nawapelekea washkaji wa Dar, nikajaza dumu la lita tano nikaziba kwa nailoni nikakaza kifuniko, nikaliweka chini ya siti. Tumefika Mikumi watu wanachungulia twiga, chini dumu limeumuka kama puto, nikasema ngoja nilegeze kidogo tu litoe hewa. Weee! Lilimwaga mpaka dirishani, mama wa mbele yangu alikuwa na kitenge kipya, konda akanihamishia mlangoni na harufu yangu mpaka Ubungo.

wa_Lurambi:
Hahaha hiyo ya dumu imeniua. Salamu kutoka Kakamega, huku ni busaa. Unga wa mahindi unalowekwa unakaa siku kadhaa, halafu unakaangwa juu ya bati kubwa mpaka uwe kahawia, boma lote linanukia, kisha unatiwa maji na wimbi iliyooteshwa (nyinyi mnaita ulezi). Utamu wa busaa ni hiyo kukaanga, kama hawakukaanga vizuri utaonja mahindi mabichi. Na usininywie kwa glasi tafadhali. Chungu kinawekwa katikati, kila mzee na mrija wake mrefu, mnavuta mkipiga stori za mashamba.

Nshomile:
Mmemaliza? Bukoba kuna rubisi. Ndizi mbivu zinakanyagwa kwa miguu na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, juisi ikitoka unatia mtama uliokaangwa ukasagwa, unafunika kwa majani ya mgomba, kesho unakunywa. Kuna jamaa wataona kinyaa kwa hiyo miguu, wakati zabibu nazo zimekanyagwa hivyo hivyo karne nyingi huko Ulaya na mvinyo wake mnanunua bei mbaya.

MzeeWaTandika:
Daah, kumbe nilikuwa namlaumu muuzaji bure. Basi nimeelewa, pombe hizi unazifuata zilipo. Kalenga2 nina likizo mwezi wa pili, nikija nitaukuta?

Kalenga2:
Februari ndo mahali pake mkuu. Ila fika asubuhi, na dumu acha nyumbani.