Nimeuliza swali la maana nimejibiwa DOLE GUMBA! Hivi mashine pepe ya lugha nzima ya programu ndiyo inachaguliwa hivi?

StakiImefurika:
Wakuu, mikono inatetemeka, nikikosea herufi mnivumilie.

Yule bwana mnamjua, sina haja ya kumtaja. Kila aliyewahi kuchungulia hazina ya msimbo wa lugha yetu anamjua. Ndiye mwenye funguo. Ndiye anayefunga hoja ya mtu kabla mwenyewe hajamaliza kuisahihisha. Ndiye aliyebishana wiki nzima juu ya mkato mmoja, halafu akaufuta mkato wenyewe.

Leo katangaza tunaachana na kale ka-mashine pepe ketu, kale kanakoendesha programu zetu, kalikoandikwa kwa C, tunahamia JVM, mashine pepe ya Java. Kuhama sawa, wote tulitaka. Mkusanya taka wetu, yule anayesafisha kumbukumbu isiyotumika tena, akianza kazi programu inasimama, unaenda kuoga, unarudi, bado anafagia.

Lakini jamani, lugha yetu HAINA `for`. Haina `while`. Kila kitu ni funksheni inaita funksheni. Na baitikodi ya JVM, yaani maagizo inayoyaelewa, mpaka leo hii haina mwito wa mkia! Ukiita funksheni kama tendo lako la mwisho, fremu yako, ile nafasi yako ya kumbukumbu, inabaki kwenye staki, haina kazi, haitoki. Zunguka mara milioni moja uone StackOverflowError inavyokupokea. Clojure, nao wapo juu ya JVM, waliliona hilo wakatunga `recur`, ya kuzunguka bila kujaza staki. Scala, nao wa hukohuko, kompaila inakugeuzia kuwa kitanzi pale funksheni inapojiita yenyewe tu. Zikiitana mbili kwa zamu, shauri yako. Wenzetu wa F# kule .NET wana `tail.` ndani ya baitikodi yenyewe. Na BEAM, mashine pepe ya Erlang, ndiyo usiseme, kule mwito wa mkia ndio namna ya kuishi.

Haya yote niliyaandika. Nikaweka jedwali. Nikaweka vipimo. Nikaweka mpaka salamu! Nikamalizia kwa heshima zote: "Kiongozi, miito ya mkia tutaifanyaje?"

Akajibu 👍

Dole gumba, wakuu. Mtu umemuuliza "tutaifanyaje" anakuinulia dole. Ukimuuliza mtu saa ngapi akakuonyesha dole gumba, unaondoka na saa ngapi? Kisha akafunga hoja. Nimelikodolea macho lile dole mpaka simu ikazima chaji. Nimeiwasha, lipo palepale.

Mzee wa Baiti:
Naunga mkono hoja. Sijasoma.

BibiKompaila:
Mleta mada, dole gumba si ndiyo kakubali? Umeshinda kesi halafu unalia mahakamani.

StakiImefurika:
Mkuu kakubali nini sasa? Lilikuwa SWALI. Swali halikubaliwi, linajibiwa.

BibiKompaila:
Mkuu mimi ni dada.

Mfagizi Mkuu:
Mimi nipo upande wa yule bwana, nipigeni mawe. JVM unakabidhiwa wakusanya taka G1, ZGC na Shenandoah, msimbo uko wazi, hulipi kitu. Watu wamezeekea kwenye kazi ile. Mkusanya taka wa kwetu aliandikwa na mtu akiwa njiani kwenda likizo, ndani bado kuna maoni yanasema "nitarekebisha kesho". Halafu tangu Java 7 ya mwaka 2011 ipo `invokedynamic`, agizo la kuamua funksheni ipi iitwe programu ikiwa inaendeshwa, iliyoingizwa kwa kuzifikiria hasa lugha zisizo Java. JRuby, yaani Ruby juu ya JVM, wanaitumia na wanapumua. Mikia yako izungushie trampolini, kitanzi kinachoziita funksheni moja baada ya nyingine, maisha yaendelee.

StakiImefurika:
Trampolini kwa kila mwito? Kila ukiruka unazaa kitu kipya kwenye lundo la kumbukumbu, huyo mfagizi wako wa kifahari atashinda anafagia trampolini zangu tu. Lakini ngoja nikwambie, wewe umenijibu. Umeandika "trampolini". Yeye angeandika hilo neno moja ningelala usingizi. Kaona uvivu hata wa herufi. DOLE!

KasukuMstaafu:
Vijana, kaeni niwahadithie. Parrot ilianza kama utani wa Siku ya Wajinga mwaka 2001, ikageuka kuwa mashine pepe ya kweli, ibebe Perl 6 pamoja na lugha nyingine za aina yake. Toleo la 1.0 likatoka 2009. Ilitaka kumpendeza kila mtu. Mwisho wake hata Rakudo, kompaila ya Perl 6 yenyewe, wakatafuta kwao: mashine pepe ya MoarVM ikatangazwa 2013, na miaka miwili baadaye Rakudo wakaacha kuitumia Parrot. Mtoto kamhama mama.

Tangu hapo mimi nikichagua mashine siulizi ina nini. Nauliza ikifa leo, nani atalia kunizidi? JVM ina waliaji wa kutosha, wengine wana mabenki.

Lofa wa Lua:
Kulia kumzidi mleta mada? Hayupo.

Mzee wa Baiti:
👍

StakiImefurika:
Mzee wa Baiti nakuripoti sasa hivi.

Mchawi wa Mikia:
Mleta mada mimi nilishatoroka huko. Lugha yangu ndogo ipo juu ya BEAM. Mikia bure. Kila mchakato una lundo lake, taka zinafagiliwa chumba kwa chumba, hakuna anayesimamisha nyumba nzima. Ila sasa zidisha matriki mbili kubwa uone. Utaanza jioni, jua litakukuta. JIT, kompaila inayofanya kazi programu ikiendeshwa, ililetwa na OTP 24, toleo la Erlang la mwaka 2021, imesaidia, sikatai, lakini mahesabu mazito pale bado ni machozi. Na ukilalamika unaambiwa kaandike hiyo sehemu kwa C. Si ndiyo C niliyoikimbia?

Kivinjari Kipya:
Mnapoteza muda. WebAssembly, mashine pepe ya ndani ya vivinjari. Chrome ya 2023 imeleta mkusanya taka NA miito ya mkia, mwaka mmoja vyote viwili.

Mchawi wa Mikia:
Kawinde hitilafu humo ndani kwanza, ukirudi salama utuambie majina ya vigeu yalikwenda wapi.

StakiImefurika:
Wakuu turudi kwenye dole.

Nyoka wa Zamani:
Mnalilia mikia? Sisi tuliobaki Jython, Python juu ya JVM, tupo 2.7 mpaka kesho. Python yenyewe ilishahamia 3 kitambo, sisi bado tunaandika `print` bila mabano, hakuna aliyekuja kutuambia vita imekwisha. Mtu akikuchagulia mashine ya watu, muulize swali moja: lugha ikikimbia, nani atahamisha kila kitu upya? Maana wanaoweza ni wachache na wamechoka.

Lofa wa Lua:
`print` bila mabano ilikuwa tamu kuliko hii ya sasa. Nimesema.

BibiKompaila:
Hapana. Hapana kabisa. Toka humu.

Mfagizi Mkuu:
Huyu Lofa lugha yake ya Lua inahesabu orodha kuanzia 1, halafu ana maoni kuhusu mabano.

Lofa wa Lua:
Wewe ukihesabu vidole vyako unaanzia sifuri?

StakiImefurika:
Wakuu, DOLE. Alinijibu dole. Kuna mtu ananisikia?

KasukuMstaafu:
Kwenye Perl zamani ulikuwa unaweza kubadilisha namba ya kuanzia, kwa `$[`. Kila mtu anaanzia anapotaka.

BibiKompaila:
Na ndiyo maana mlihamwa.

Mgeni_Java:
Habari za saa hizi wakuu. Nimeona mnaongelea Java nikaona niulizie hapahapa. Nikiendesha programu yangu inaandika OutOfMemoryError, kwamba kumbukumbu imejaa. Nifute picha?

Mfagizi Mkuu:
Picha ziache mkuu, haziko huko. Ongeza `-Xmx`, kikomo cha kumbukumbu ya programu, unapoianzisha.

Mgeni_Java:
Nimeshafuta.

Mzee wa Baiti:
👍