Mchungaji kijana amenishauri nitangulie kuomba radhi. Nipokee kwa moyo gani?

Mzee wa Kihamba:
Shalom wapendwa. Mimi ni Mlutheri wa Moshi vijijini na nimekuwa mzee wa kanisa kwa miaka 11. Mwaka jana mdogo wangu aling'oa masale yaliyogawa kihamba, yaani shamba la ukoo, alichotuachia baba, akayapanda upya hatua nne ndani ya sehemu yangu, na tangu siku hiyo hatusalimiani hata tunapokaa benchi moja kanisani. Nilimpelekea mchungaji jambo hili nikitarajia amwite na kumkanya, lakini alinisomea Mathayo 5:23-24, panapotutaka tupatane na ndugu kabla ya kutoa sadaka, kisha akanishauri nimpelekee mdogo wangu isale, kwa kuwa maneno niliyomtamkia mbele ya watoto wake yalikuwa makali. Kwa wasiojua, isale kwetu ni alama ya mpaka, na ni jani la kuombea msamaha pia. Mchungaji huyu ana umri wa mwanangu wa kwanza, na nakiri kwamba neno lake lilinichoma. Bwana Yesu alisema tusipoongoka na kuwa kama vitoto hatutaingia kamwe katika ufalme wa mbinguni. Je, kuwa kama kitoto ni kufuata shauri la kiongozi bila kuuliza, hata ninapoamini kwamba haki ni yangu?

Mama Mwinjilisti:
Shikamoo mzee wangu. Ulipotaja umri wa mchungaji nilimkumbuka Naamani, yule jemadari wa Shamu mwenye ukoma katika 2 Wafalme 5, aliyefika kwa Elisha na farasi, magari na talanta 10 za fedha, akaghadhibika kwa sababu nabii hakutoka hata mlangoni, alimtuma tu mjumbe amwambie akaoge Yordani mara 7. Tazama waliomfikisha kwenye uponyaji: kijakazi mdogo aliyetekwa vitani, mjumbe, na watumishi wake mwenyewe waliomsihi njiani. Wote walikuwa chini yake, na alipowasikiliza, mwili wake ulirudi ukawa kama wa mtoto mchanga. Kwa mdogo wako si mbali, mzee wangu. Nadhani kinachokulemea ni kwamba aliyekutuma huko ni kijana.

Msomaji wa Kilifi:
Mzee, naandika kutoka kaunti ambayo mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, mingi ya watu walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa kungewakutanisha na Yesu, na watoto walikuwemo. Kwa hiyo nikisikia "tii kama mtoto" moyo hunipasuka. Biblia yenyewe inatuonya katika 1 Wafalme 13, ambapo mtu wa Mungu kutoka Yuda aliacha agizo alilopewa kwa sababu nabii mzee wa Betheli alimdanganya kwamba malaika amesema naye, na simba akamwua njiani. Hata hivyo, yeyote aliyelea mtoto anajua kwamba mtoto huuliza kutwa nzima, huku ameushika mkono wa mzazi. Uliza namna hiyo. Angalia pia shauri linamnufaisha nani: Elisha alikataa zawadi za Naamani, ila mtumishi wa Elisha, Gehazi, alizikimbilia, akarudi na talanta mbili akaishia na ukoma. Mchungaji wako hapati chochote katika hili, na andiko alilokupa unaweza kulichunguza mwenyewe, kama watu wa Beroya walivyofanya kwa mahubiri ya Paulo. Swali langu ni moja tu: amesema nini kuhusu zile hatua nne? Mkizinyamazia, watoto wenu watazirithi.

Mzee wa Kihamba:
Marahaba mwanangu, na asante ndugu wa Kilifi. Jana nilirudi kwa mchungaji nikamuuliza swali hilo la mpaka, nikiogopa kwamba ataniona mkaidi. Alinivutia kiti, akasema isale ni kwa ajili ya maneno yangu peke yake, na kwamba mpaka utapimwa na wazee wa ukoo, naye yuko tayari kuwapo iwapo sote wawili tutamwita. Sikuwa nimeyatenganisha mambo hayo mawili. Bado moyo unagoma nikiyaona yale masale yalipo sasa, lakini alfajiri nimekata isale moja, limo ndani ya ndoo ya maji barazani, na kesho baada ya ibada nitampelekea mdogo wangu kabla hajafika nyumbani kwake.