Tupeane uzoefu: kukariri maneno magumu ya Kiingereza kwa sentensi za vichekesho

Kalamu Nyekundu
Wadau mnaojiandaa na IELTS na mitihani kama hiyo, wekeni hapa sentensi zenu na jinsi mnavyozitunga. Naanza na *loquacious*, mwenye maneno mengi. Mwanzo wake unasikika "lo-kwei", basi: kasuku *loquacious* kakaa kiti cha mbele cha daladala, kila abiria akipanda anamdaka, "Lo! Kweli?", na mpaka Kariakoo hajanyamaza. Sauti inaleta neno, kasuku analeta maana.

Mzee wa Kadi
Hapo kwenye maana ndipo wengi wanapoharibu. "Kasuku *loquacious* alikula sofa" inachekesha, ila sofa na kuongea wapi na wapi? Baada ya wiki unakumbuka sofa, neno limeyeyuka. Kichekesho kitoke ndani ya maana yenyewe. Kwa *lethargic*, aliyelegea hana nguvu: fisi *lethargic* kajinyoosha kivulini anaagiza, "Leta mto! Leta maji! Leta na mkono wa kunikuna!"

Kata karatasi ya manila vipande vinavyoenea kiganjani. Mbele andika neno peke yake, nyuma maana na sentensi. Rudia kesho yake, siku ya 3, ya 7 na ya 14. Ukikwama, kadi inaanza upya hata kama ilishafika siku ya 7. Utaratibu huo wa kuirudisha kadi mwanzo aliueneza mwandishi wa Kijerumani, Sebastian Leitner, mwaka 1972.

Binti Kamusi
Msisahau matamshi. *Pugnacious*, mpenda ugomvi, ni rahisi kuifunga na Pugu: jogoo wa Pugu anamtwanga konda makonde akidai chenji. Herufi zitakaa, lakini neno hutamkwa "pag-NEI-shas". Sikiliza sauti kwenye kamusi ya mtandaoni kwanza, ndipo utunge.

Na yale yanayofanana msiyaweke siku moja. *Ingenious* ni mbunifu, *ingenuous* ni mnyofu asiye na hila. La kwanza likivuka siku ya 7, ingiza la pili.

Nahodha
*Albeit* (ingawa) na *notwithstanding* (licha ya) yaacheni nje ya mchezo huu, hayashikiki kwa picha. Yanataka sentensi za kawaida, nyingi.

Pia msifanye kila kadi kichekesho. Wanasaikolojia McDaniel na Einstein (si yule wa fizikia) walionyesha mwaka 1986 kwamba sentensi za ajabu hukumbukwa zaidi zikichanganywa na za kawaida. Zikiwa za ajabu zote, faida inapotea. Kwa maneno 5 ya siku, vichekesho viwili kwa yale sugu vinatosha.

Kalamu Nyekundu
Na kwenye insha je, kasuku anatosha?

Binti Kamusi
Hatoshi. Anakusaidia kulitambua neno ukilisoma. Kulitumia mwenyewe ni kazi nyingine. Baada ya siku ya 14 andika sentensi ya kawaida: *My uncle becomes loquacious after coffee.* Kagua pia neno linaandamana na nini. *Famished*, mwenye njaa kali, haliendi na *very*. Waingereza husema *absolutely famished*, kwa hiyo liandike hivyo kwenye kadi tangu siku ya kwanza.